Kufanya kazi na wazee wenye demensia katika kituo cha kutwa nchini Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, ambao wameajiriwa au wanafikiria kuajiriwa katika vituo vya kutwa vya wazee wenye demensia, yaani hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mwandishi amefanya kazi hiyo, na pale alipokosea amesema.

Kituo cha kutwa ni mahali gani, na kinatofautianaje na makao ya wazee?

Ni mahali ambapo mzee anafika asubuhi na kurudi kwake jioni, kama mwanafunzi wa shule ya kutwa, ilhali katika makao ya wazee analala huko huko. Vituo vingi hufunguliwa siku za kazi tu. Vingine hutoa hasa maongezi, shughuli, chakula na uangalizi, na vingine vina muuguzi, dawa na mazoezi ya viungo. Mzee anayehudhuria huitwa mshiriki, na neno hilo linafaa, kwa sababu anakuja kushiriki siku na wenzake.

Mojawapo ya vituo vilivyotangulia ni On Lok, kilichofunguliwa San Francisco mwaka 1973 katika mtaa wa Wachina, ambako familia za wahamiaji zilihitaji msaada wa kuwatunza wazazi wao bila kuwatoa nyumbani na kuwapeleka mahali ambapo hakuna anayesema lugha yao wala kupika chakula chao. Kutokana na kazi ya On Lok ulizaliwa mpango wa PACE, wa kuwahudumia wazee wakiendelea kuishi kwao, ambao kwa sheria ya mwaka 1997 ukawa sehemu ya kudumu ya Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa baadhi yetu huingia katika kazi hii tukidhani kwamba kituo ni ushahidi wa Wamarekani kuwatupa wazazi wao. Binti anayemleta mama yake saa moja na nusu asubuhi, mara nyingi akiwa bado hajanywa chai, anaelekea kazini kwake, na usiku uliopita huenda ameamka mara nne.

Nani analipa?

Medicare ya kawaida hailipii kituo cha kutwa. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hulipia katika majimbo mengi kupitia mipango yake ya huduma za nyumbani na za jamii, idara ya maveterani hulipia baadhi ya waliotumikia jeshi, na familia nyingine hulipa kutoka mfukoni, kwa bei ambayo huzungukia dola 100 kwa siku na hutofautiana sana kati ya jimbo na jimbo. Tangu Julai 2024 upo pia mpango wa majaribio wa Medicare uitwao GUIDE, ambao humtengea mgonjwa wa demensia anayestahili hadi dola 2,500 kwa mwaka ili mtu anayemtunza apate kupumzika, na siku za kituo zinaweza kulipiwa humo. Si kazi ya mhudumu kuhesabu fedha hizi, lakini familia zitakuuliza mlangoni, na ni vema ujue wa kuwaelekeza kwake, ambaye kwa kawaida ni ofisa wa ustawi wa jamii wa kituo.

Demensia ni ugonjwa, au ni uzee tu?

Ni ugonjwa wa ubongo, na kwa usahihi zaidi ni jina la hali inayoletwa na magonjwa kadhaa. Mwanamke ambaye daktari Alois Alzheimer alimpokea katika hospitali ya Frankfurt mwaka 1901, na ambaye ubongo wake aliueleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906, alikuwa na miaka 51 alipofikishwa kwake. Huo si umri wa mkongwe. Ugonjwa uliopewa jina la daktari huyo ndio unaosababisha takriban asilimia 60 hadi 70 ya demensia yote, na kwa kawaida huanza kwa kufuta mambo mapya huku ya zamani yakibaki. Ile inayotokana na mishipa ya damu huambatana na kiharusi au shinikizo la damu la muda mrefu, na huweza kushuka ngazi kwa ngazi. Ipo ya miili ya Lewy (mabonge madogo ya protini ndani ya ubongo), ambayo mgonjwa huona watoto au wanyama wasiokuwepo na mwili wake hukakamaa, na ipo inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huharibu tabia na adabu kabla ya kugusa kumbukumbu, hivyo mtu aliyekuwa mpole anaanza kutukana watu foleni dukani.

Wengi wetu tumetoka mahali ambapo hali hii inaitwa ugonjwa wa kusahau, au inasemwa tu kwamba mzee amerudi utotoni, na mahali pengine inasemwa mambo mabaya zaidi. Katika Kilifi na Kisii nchini Kenya, na katika Usukuma nchini Tanzania, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na si vigumu kuona jinsi bibi anayetembea usiku akizungumza peke yake anavyoweza kuangukiwa na shutuma hizo. Ukisikia mwenzako kazini akinong'ona kwamba mshiriki fulani ana mapepo, usicheke, na pia usinyamaze.

Jambo moja la kukumbuka ni kwamba si kila anayesahau ana demensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, huzuni kubwa, au dawa zinazogongana huweza kufanana nayo na hutibika. Ndiyo maana mhudumu hasemi kamwe kwa familia, "Mama yenu ana Alzheimer's." Hilo ni la daktari.

Ninahitaji cheti gani?

Inategemea jimbo. Cheti cha CNA, yaani cha msaidizi wa muuguzi, ambacho wengi wetu tunakijua, kimewekewa na sheria ya serikali kuu kiwango cha chini cha saa 75 za mafunzo, lakini sheria hiyo inahusu makao ya wauguzi, na majimbo mengine yamepandisha kiwango: California, kwa mfano, inataka saa 160. Vituo vya kutwa vinasimamiwa na majimbo, hivyo baadhi huajiri watu wasio na CNA na kuwafundisha wenyewe. Tegemea kuchunguzwa rekodi yako ya polisi, kupimwa kifua kikuu, na kufundishwa huduma ya kwanza. Kabla ya kukubali kazi, uliza utakuwa na wazee wangapi. Chama cha kitaifa cha vituo hivi, NADSA, kinapendekeza mfanyakazi mmoja kwa washiriki sita, na mmoja kwa wanne pale ambapo wengi wao wamezidiwa. Msimamizi akikwepa swali hilo, umeshapata jibu.

Siku ya kazi inakwendaje?

Mabasi madogo huanza kufika kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Kila mzee anapokewa kwa jina, anavuliwa koti, na anaangaliwa kwa sekunde chache ambazo ni muhimu kuliko zinavyoonekana: je, anatembea kama jana, viatu viko miguu sahihi, ana mchubuko mpya, amevaa miwani yake? Baadaye ni kahawa, mazungumzo ya habari za siku, mazoezi ya kukaa vitini, nyimbo, chakula cha mchana, saa moja ya utulivu, kitafunwa, kisha koti na basi tena. Chakula katika vituo vingi kinafidiwa na mpango wa serikali kuu wa lishe ya watoto na watu wazima, na ndiyo sababu kuna fomu ya kujaza kwa kila sahani.

Hiyo ni ratiba ya ukutani. Kazi yenyewe iko ndani ya shughuli ndogo. Nilikuwa na bibi mmoja aliyeshona nguo kiwandani miaka zaidi ya thelathini. Mchezo wa bingo ulimchosha na puto lilimkera, lakini ukimwekea mbele yake lundo la vitambaa vya mezani alivikunja pembe kwa pembe, akivipigapiga kwa kiganja ili mkunjo ushike, na akakurudishia chako ikiwa umekunja ovyo. Siku moja mfanyakazi mwenzangu alivifumua mbele ya macho yake ili apate kuvikunja tena. Bibi hakusema neno. Alisogeza kiti nyuma na hakugusa kitambaa siku ile nzima. Tangu hapo vitambaa vyake vilipelekwa mezani na kutumika kweli wakati wa chakula, na yeye alivitazama vikitumika. Mtu anaweza kusahau jina la rais na bado akajua kama kazi anayopewa ni kazi au ni kiini macho.

Kwa hiyo, kabla hujabuni shughuli, soma karatasi ya historia ya maisha ambayo familia hujaza siku ya kwanza. Fundi seremala mpe msasa na kipande cha mbao laini. Aliyekuwa mwalimu mwombe akusahihishie maandishi yako. Nyimbo hufanya kazi karibu kwa kila mtu, hasa zile alizozisikia akiwa kijana, na utaona mzee asiyeweza kumaliza sentensi akiimba beti zote nne za wimbo wa kanisani bila kukosea.

Mzee akiuliza mume wake yuko wapi, na mume amekufa miaka kumi iliyopita, nimwambie ukweli?

Hili ndilo swali ambalo watu wetu hulirudia zaidi, na wengi huliuliza kwa sababu ya dini: wanaogopa kusema uongo. Mimi nililijibu vibaya mwezi wangu wa kwanza. Bibi aliniuliza, nikamshika mkono, nikamwambia kwa upole kwamba mzee wake alishafariki. Alipiga yowe. Aliomboleza kama mtu aliyeletewa habari wakati ule ule, na kwake ndivyo ilivyokuwa. Baada ya kama nusu saa machozi yalikauka, akageuka na kuniuliza mume wake yuko wapi. Nilikuwa nimemfisha mtu kwa mara ya pili bila faida kwa yeyote.

Kinachofaa ni kusikiliza kilicho chini ya swali. Anayemuulizia mume saa nne asubuhi huenda ana upweke, anayemuulizia saa tisa huenda anajiuliza nani atampeleka nyumbani. Basi mjibu hilo: "Unamkumbuka sana. Alikuwa mtu wa namna gani?" Mara nyingi atakusimulia, na akisimulia anakuwa naye. Hapo hujasema uongo hata mmoja. Naomi Feil, aliyekulia ndani ya makao ya wazee huko Cleveland ambako wazazi wake walifanya kazi, alijenga njia nzima juu ya wazo kwamba hisia za mkongwe ni za kweli hata pale tarehe zake zinapokosewa, na kwamba kumsahihisha ni kumfungia mlango.

Kuna wazee ambao ukungu huwatoka kwa dakika chache. Wakikutazama machoni na kukuuliza waziwazi, "Amekufa, sivyo?", wanastahili jibu la kweli, likisemwa taratibu, na wewe ukae nao baada ya kulisema. Tofauti kati ya nyakati hizi mbili haifundishwi na kitabu. Utaijua kwa kumjua mtu.

Nimelelewa kuwaheshimu wazee. Kwa nini msimamizi ananikaripia kwamba ninamfanyia mzee kila kitu?

Kwa sababu anasema kweli, ingawa pengine alisema kwa sauti isiyopendeza. Tulikotoka, kumwona bibi akijimiminia chai huku kijana amekaa ni aibu kwa kijana. Tunaruka, tunachukua birika, tunamimina, tunakoroga sukari, na tunajisikia tumetenda adabu. Kwa mzee mwenye demensia, adabu hiyo inamnyang'anya kitu. Mkono usiomimina chai wiki hii, wiki ya nne hautakumbuka namna ya kumimina, na uwezo ukishapotea katika ugonjwa huu haurudi. Mwache amimine. Mpe birika lililojaa nusu, la maji yasiyounguza, weka kikombe kipana, na ukae karibu. Itachukua dakika tatu na meza italowa. Futa meza.

Njia ya kati ipo, na nimeona ikifanya kazi mamia ya mara: unaweka kiganja chako chini ya kiganja chake, mnashika kijiko pamoja, na misuli yako inaongoza huku mkono wake ukiwa juu, hivyo yeye ndiye anayekula. Mtaalamu Teepa Snow ndiye aliyeisambaza sana mbinu hii Marekani. Ukilinganisha na kumlisha mtu kwa kumwingizia kijiko mdomoni kutoka mbele, utaona tofauti usoni mwake.

Upande wa pili wa malezi yetu, ule wa lugha, usiuache. Wafanyakazi wengi huwaita wazee "mpenzi", "kipusa", na husema nao kwa sauti ile ya kubembeleza mtoto mchanga. Wazee husikia. Mzee aliyekuwa hakimu haachi kuwa hakimu kwa sababu amevaa nepi. Muulize kila mmoja, au familia yake, anataka aitweje, na ikiwa ni "Bwana" na jina la ukoo, basi iwe hivyo hata kama kituo kizima kinamwita kwa jina la utotoni. Inama ili macho yenu yalingane, sema jina lake kwanza, kisha sema jambo moja kwa wakati mmoja na umpe nafasi ya kulitafuna.

Anakataa kwenda msalani na nguo zake zimelowa. Nifanye nini?

Usitamke neno "nepi" mbele ya watu, na usimuulize kama anataka kwenda, maana jibu litakuwa hapana. Mwambie, "Naomba twende pamoja upande huu," na utembee. Mara nyingi kukataa kunatokana na mambo ambayo hatuyaoni: sakafu inayong'aa huonekana kwake kama maji, kivuli cheusi cha zulia huonekana kama shimo, na choo cheupe kwenye sakafu nyeupe hakionekani kabisa, ndiyo maana vituo vinavyojua kazi hii huweka kifuniko cha rangi. Akiendelea kukataa, ondoka kwa dakika kumi kisha urudi, au mwenzako aje na sura mpya. Mfunike kwa taulo unapombadilisha. Mwanamke anayekataa kuguswa na mhudumu wa kiume ana haki yake, na katika wazee Waislamu suala hilo halina mjadala.

Kuanzia saa tisa alasiri anavaa koti na kusema anakwenda nyumbani. Nimzuie?

Usisimame mlangoni kumkabili. Kuchachawa huku kwa alasiri na jioni ni dalili inayojulikana, na huchochewa na uchovu, mwanga unaofifia, kelele za watu wanaojiandaa kuondoka, na hata njaa. Washa taa mapema, zima televisheni, mpe kitu cha kula. Akisimama, simama naye, tembea naye kuelekea anakokwenda, kisha mzunguke mkirudi. "Nyumbani" anakokutaka mara nyingi si anwani iliyo kwenye fomu. Mwulize kukoje. Nimewahi kuelezwa kwa kina jinsi ya kukamua ng'ombe kumi na wawili, na mzee akakaa mwenyewe alipofika kwenye ng'ombe wa nane.

Hata hivyo, jua kwamba kupotea ni hatari ya kweli. Chama cha Alzheimer's cha Marekani kinasema watu sita kati ya kumi wenye demensia hutangatanga na kupotea angalau mara moja. Hesabu wazee wako kila mnapobadili chumba, jua namba ya mlango wa kengele, na mtu akikosekana toa taarifa dakika ile ile. Usianze kumtafuta peke yako kwa kuona haya.

Mshiriki akinipiga, au akinitukana kwa sababu ya rangi yangu?

Yatatokea yote mawili, na ni afadhali uambiwe sasa. Anayepiga kwa kawaida ana maumivu, ana hofu, au ameguswa ghafla kutoka nyuma. Rudi nyuma hatua moja, nyamaza, acha mikono yako ionekane, na baadaye andika kilichotangulia, maana sababu iko katika zile dakika tano za kabla.

Matusi ya rangi ni mzigo wa aina nyingine. Ugonjwa huvunja breki za ulimi, na yaliyowekwa humo mwaka 1950 hutoka kama yalivyowekwa. Kumfundisha historia mtu asiyekumbuka amekula nini hakutasaidia. Lakini wewe si kiti. Una haki ya kumkabidhi kwa mwenzako, kuandika taarifa, na kudai kwamba kituo kisikupange naye kila siku kana kwamba ngozi yako haina mishipa. Msimamizi anayekujibu kwamba "ni ugonjwa tu" amesema nusu ya kweli. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo nusu hiyo ilirudiwa kwa miezi minane, na niliondoka.

Kuhusu chakula nahitaji kujua nini?

Jua daraja la chakula cha kila mzee. Vituo vingi hufuata mfumo wa kimataifa wa IDDSI, wenye ngazi kuanzia 0 hadi 7, unaoeleza kinywaji kiwe kizito kiasi gani na chakula kilainishwe vipi. Anayepaliwa na maji ya kawaida anaweza kunywa yaliyofanywa mazito, na kumwonea huruma ukampa glasi ya maji matupu kunaweza kumletea nimonia. Mketishe wima wakati wa kula na kwa nusu saa baadaye. Angalia shavuni kama kuna chakula kilichofichwa. Sahani ya rangi inayotofautiana na chakula humfanya mzee ale zaidi, kwani viazi vilivyopondwa juu ya sahani nyeupe havionekani.

Mzee aliyekuwa sawa Jumatatu amechanganyikiwa kabisa Jumatano. Je, demensia imezidi?

Pengine sivyo, na hapa jicho lako linaweza kuokoa maisha. Demensia ya kawaida huenda kwa miezi na miaka. Mabadiliko ya siku moja au mbili, mzee akiwa amelala kupita kiasi au anahangaika na kuona vitu, hudokeza jambo jingine: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, kukaukiwa maji, choo kigumu cha siku nyingi, dawa mpya, au ameanguka nyumbani na hakuna aliyesema. Mwambie muuguzi mara moja, na umwambie kwa vitu unavyoviona: "Jana alikunywa vikombe vinne, leo nusu kimoja, na hakumtambua binti yake." Maneno "hayuko sawa" hayamsaidii daktari.

Naruhusiwa kutoa dawa?

La, isipokuwa jimbo lako linaruhusu na umefundishwa na kuandikishwa kwa kazi hiyo. Na mtu akikuuliza kwa nini mzee msumbufu "hapewi kitu cha kumtuliza", ujue kwamba mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo lake kali zaidi kwamba dawa mpya za magonjwa ya akili zinaongeza vifo miongoni mwa wazee wenye demensia, na mwaka 2008 onyo hilo likaongezwa kwa dawa za zamani. Wapo wanaozihitaji. Uamuzi huo hauanzii kwa mhudumu aliyechoka.

Kiingereza changu bado ni kidogo. Nitaweza?

Kwa kumtunza mzee, mara nyingi ndiyo: uso, mkono na sauti hubeba zaidi kuliko msamiati, na mzee aliyepoteza maneno hakucheki unapoyatafuta yako. Kwa kuandika taarifa na kuelewa maagizo ya dharura, lazima ujifunze, na hilo halina njia ya mkato. Omba orodha ya maneno ya kituo chako uikariri.

Siku hizi kuna sababu nyingine ya kukuhitaji. Wazee waliokuja kama wakimbizi kupitia kambi za Nyarugusu na Kakuma sasa wanafikia umri huu, na demensia ina tabia ya kuifuta kwanza lugha iliyojifunzwa mwisho. Kiingereza cha miaka kumi kinaondoka, Kiswahili kinabaki, na kwa wengine hata Kiswahili kinaondoka na kubaki Kirundi au Kibembe. Nimewahi kuona mama mmoja aliyeandikwa katika faili kwamba "hazungumzi". Nilipomsogelea na kumwambia "Shikamoo, mama," aliinua kichwa, akaniangalia muda mrefu, akasema "Marahaba," kisha akauliza kama mvua imeshanyesha. Faili lilibadilishwa. Kumbuka tu kwamba kujua lugha yake hakukufanyi mkalimani wa daktari. Kwa mambo ya tiba, mkalimani aliyefunzwa ni haki ya mgonjwa.

Familia inaniuliza mambo, au inataka nimfanyie kazi pembeni. Picha je?

Waeleze ulichokiona siku hiyo: amekula nini, amecheka na nani. Ya ugonjwa na dawa waelekeze kwa muuguzi. Sheria ya faragha ya afya ya mwaka 1996, HIPAA, ina meno, na picha ya bibi akicheza dansi uliyoituma kwenye kundi la WhatsApp la jamaa zako inaweza kukufukuzisha kazi hata kama uliituma kwa mapenzi. Fedha na zawadi za thamani usipokee. Keki ya pamoja pokea, na mle wote. Kabla ya kukubali kazi ya pembeni, soma mkataba wako.

Nifanyeje mzee niliyemzoea anapoacha kuja?

Kwa kawaida hutaambiwa mengi. Ataanza kukosa siku moja kwa wiki, kisha mbili, kisha jina litaondolewa kwenye orodha ya basi kwa sababu amehamia makao ya wazee, au ameanguka, au amefariki. Uliza kama familia inakaribisha watu mazishini, na ukiweza nenda. Kwa mila zetu kutokwenda ni vigumu kuliko kwenda. Waambie wazee wenzake walioketi naye, kwa maneno machache, hata kama unadhani watasahau. Yule bibi wa vitambaa alipoondoka, hatukumwambia mtu yeyote mezani kwake. Siku ya tatu, mzee aliyekuwa akikaa mkabala naye, ambaye hakuwahi hata mara moja kulijua jina lake, alivuta lundo la vitambaa kwake akaanza kukunja. Alikunja vibaya. Kila alipomaliza kimoja alikisukuma kuelekea kiti kile kitupu, akasubiri.